Jicho Lisilouma: Neva za Konea na Uponaji wa Jicho katika Pwani ya Mashariki ya Unguja

Konea ni kioo cha mbele cha jicho, yaani utando mwangavu uliotanda mbele ya mboni, ambao mwanga huupitia kwanza kabla ya kufika kwenye lenzi na sehemu za ndani. Upana wake kwa mtu mzima ni milimita 11 hadi 12, na unene wake katikati ni takriban nusu milimita. Ili uendelee kuwa mwangavu, utando huu umenyimwa mishipa ya damu, lakini haukunyimwa neva, yaani nyuzi za mishipa ya fahamu. Kinyume chake, wataalamu wa anatomia wanakadiria kuwa miisho ya neva iliyomo katika konea imesongamana kwa mamia ya mara kuliko ile ya ngozi. Ndiyo sababu chembe ya mchanga isiyohisika kiganjani huweza kumzuia mtu kufanya kazi yoyote ikiingia jichoni.

Watu wengi, na hata baadhi ya wahudumu wa afya, huziona neva hizo kuwa chanzo cha maumivu tu, na kwa hiyo jicho linaloacha kuuma huhesabiwa kuwa limepona. Utafiti uliofanywa kwa karibu miaka 200 unaonyesha vingine. Neva za konea ndizo zinazoagiza machozi, zinazofumbisha kope, zinazolisha seli za juu za konea na zinazoamua kama kidonda kitaziba au kitaendelea kuchimba. Zikifa, jicho huharibika bila kuuma, na kwa kuwa haliumi mwenyewe hachelei kitu. Hatari hiyo ni kubwa zaidi mahali ambapo jicho huumizwa kila siku na hospitali ya macho iko mbali, na vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, Uroa kikiwa kimojawapo, ni mahali pa namna hiyo.

Uroa iko katika Wilaya ya Kati, Mkoa wa Kusini Unguja, kaskazini ya Chwaka, na iko zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini iliko Hospitali ya Mnazi Mmoja. Kazi za kijiji hicho na za majirani zake zinajulikana: uvuvi, kilimo cha mwani, kupiga makumbi na kusokota kamba za usumba, na katika maeneo ya mawe ya matumbawe, kuchoma chokaa. Kila moja ina njia yake ya kulifikia jicho. Kilimo cha mwani cha kibiashara, kilichoanza Unguja mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani kisha kikaenea pwani yote, huwaweka wanawake majini kwa saa kadhaa wakati wa maji kupwa, jua likiwapiga usoni na kuakisiwa tena na maji na mchanga mweupe, huku upepo wa kusi au wa kaskazi ukirusha matone ya chumvi. Mwaka 2012 jarida la Aquaculture lilichapisha utafiti wa Sara Fröcklin na wenzake, wakiwemo Narriman Jiddawi na Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, ambamo wakulima wa mwani walitaja matatizo ya macho pamoja na uchovu, maumivu ya viungo, matatizo ya kupumua na majeraha ya viumbe wa baharini. Utafiti huo ulitegemea maelezo ya wanawake wenyewe, haukuwa uchunguzi wa macho. Lakini hapo ndipo penye jambo la kuzingatia, kwa sababu malalamiko ni kazi ya neva zilizo hai. Mwanamke anayesema macho yanamwasha bado ana mlinzi. Aliyepoteza neva hatalalamika, na hesabu yoyote inayotegemea malalamiko haitamwona.

Neva za konea hutoka katika neva ya tano ya kichwa, iitwayo trijemina kwa sababu hugawanyika matawi matatu, na tawi la kwanza ndilo linalohudumia paji la uso, kope ya juu, pua hadi nchani, na jicho. Nyuzi zake huingia katika konea kutoka pande zote za ukingo wake, pale weusi wa jicho unapokutana na weupe, na baada ya kusafiri takriban milimita moja huvua ala yake ya mafuta, kwa kuwa ala hiyo ingezuia mwanga. Kutoka hapo hupanda taratibu kuelekea juu, hutoboa tabaka gumu lililo chini ya seli za juu, kisha husambaa kama wavu mwembamba unaozunguka kuelekea katikati, na vijiuzi vyake vya mwisho hujipenyeza katikati ya seli za juu kabisa, karibu na machozi. Kwa sababu ya mpangilio huo mkwaruzo mdogo wa juujuu huuma kuliko jeraha la ndani zaidi, na kwa sababu hiyohiyo mkato wowote wa mviringo unaofanywa na mpasuaji ukingoni mwa konea hukata neva za eneo kubwa lililo mbele ya mkato.

Nyuzi hizo hazifanyi kazi moja. Zilizo nyingi huitikia kila aina ya kero, yaani joto kali, kemikali, mchubuko na uvimbe. Nyingine huitikia mguso wa ghafla tu, na ndizo zinazotoa ule uchungu mkali wa mara moja kitu kinapogonga jicho. Na kundi la tatu, dogo kuliko mengine, hupima ubaridi. Kundi hili la tatu ndilo lililowashangaza watafiti zaidi. Machozi yanapokauka kidogo baina ya kufumba na kufumbua, uso wa konea hupoa kwa sehemu ya nyuzi joto moja, na neva za ubaridi hutambua tofauti hiyo ndogo na kupeleka ujumbe wa kuongeza machozi na kupepesa kope. Mwaka 2010 kundi la Carlos Belmonte wa Alicante, Uhispania, lilionyesha kuwa panya waliokosa protini ya kupokea ubaridi iitwayo TRPM8 walikuwa na machozi ya kawaida pungufu ingawa tezi zao zilikuwa nzima. Kwa hiyo unyevu wa jicho, ambao mtu hauhisi wala haufikirii, huagizwa na neva saa zote. Maji ya bahari nayo, yenye chumvi inayozidi ile ya machozi kwa zaidi ya mara tatu, huvuta maji kutoka katika seli za konea, na neva za kundi la kwanza hujibu kwa mwasho na mafuriko ya machozi yanayoiosha chumvi hiyo. Mkulima wa mwani ambaye neva zake ni nzima huoshwa macho na mwili wake mwenyewe mara nyingi katika kila bamvua. Ambaye zimekufa hubaki na chumvi jichoni.

Kazi ya kulisha ndiyo iliyochelewa kukubaliwa. Mwaka 1824 daktari wa Kifaransa François Magendie alikata neva ya tano ya wanyama na kuona konea ya upande huo ikififia, ikivimba na kutoboka, naye akasema kuwa neva hiyo hubeba aina fulani ya lishe. Wapo waliompinga. Mwaka 1857 Mholanzi Herman Snellen, yuleyule ambaye ubao wake wa herufi hutundikwa katika kila chumba cha kupimia macho, alilifunika jicho la sungura aliyekatwa neva kwa kulishonea sikio la mnyama huyohuyo mbele yake, na jicho likahifadhika zaidi. Kwa hiyo akaona kuwa kinachoharibu konea ni majeraha yasiyohisiwa, si kukosa lishe. Wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli. Mwaka 1954 Sigelman na Friedenwald walionyesha kuwa seli za juu za konea iliyokatwa neva hugawanyika kwa kasi ndogo, na kidonda chake huchelewa kuziba. Sababu yake sasa inaeleweka vizuri zaidi: miisho ya neva hutoa vijiprotini, mashuhuri kati yavyo kikiwa kile kiitwacho dutu P, ambavyo huzichochea seli za juu kuzaliana, kusogea na kushikamana na tabaka lililo chini yake. Seli za konea nazo hulipa fadhila hiyo kwa kutengeneza protini ya kukuza neva, ile ambayo kugunduliwa kwake katika miaka ya 1950 kuliwapatia Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Kila upande hulea mwenzake, na ukidhoofika mmoja wa pili hufuata.

Ni vyema kukumbuka kuwa seli za juu za konea hubadilishwa zote kwa muda wa siku 7 hadi 10, mpya zikizaliwa kutoka seli shina zilizo ukingoni mwa konea, yaani zile seli mama ambazo kazi yake ni kuzaa nyingine. Konea kwa hiyo si kioo kilichowekwa mara moja. Ni tishu inayojijenga upya mara nyingi kila mwaka, na mjenzi wake hupokea amri kutoka kwa neva. Amri zikikatika ujenzi hulegea hata kama hakuna jeraha lolote lililotokea. Uhusiano huo una upana kuliko ilivyodhaniwa: mwaka 2015 watafiti wa Texas waliripoti kuwa panya waliokatwa neva za konea ya jicho moja walizikataa konea za kupandikizwa katika jicho lolote kati ya mawili, yaani kinga ya mwili, ambayo kwa kawaida hulivumilia jicho, iliacha kulivumilia hata lile lisiloguswa.

Maradhi yanayotokana na kufa kwa neva hizo huitwa keratopathia ya neva. Huanza kwa uso wa konea kupoteza mng'aro na kuwa na madoadoa. Baadaye seli za juu hubanduka na kuacha kidonda cha duaradufu chenye kingo laini zilizojikunja, ambacho hukaa wiki baada ya wiki bila kuziba. Hatimaye kidonda huchimba hadi tabaka la ndani, konea huyeyuka na huweza kutoboka. Katika hatua zote hizo jicho huwa jekundu kidogo tu, na uoni hufifia polepole, kiasi kwamba mgonjwa huweza kudhani kuwa amepata mtoto wa jicho. Likipona, mara nyingi huacha chamba, yaani kovu jeupe lisilopitisha mwanga. Barani Ulaya maradhi haya huhesabiwa kuwa adimu, yenye wagonjwa wasiozidi 5 katika kila watu 10,000. Si busara kuichukua hesabu hiyo na kuileta Afrika Mashariki kama ilivyo, kwa sababu visababishi vyake vikuu viko hapa kwa wingi.

Cha kwanza ni virusi vya hepesi, vile vinavyoleta malengelenge mdomoni baada ya homa. Virusi hivyo hujificha maisha yote ndani ya fundo la neva ya tano, na homa, hasa ya malaria au surua, huviamsha vikashuka hadi kwenye konea. Kila shambulio hupunguza hisia kidogo, na baada ya mashambulio kadhaa konea huwa na ganzi. Allen Foster na Alfred Sommer, walipochunguza watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda vya konea na kuchapisha matokeo mwaka 1987, walikuta kuwa asilimia 37 ya vidonda vilifuatia surua, na hepesi ilikuwa miongoni mwa njia ambazo surua iliharibu jicho, pamoja na upungufu wa vitamini A na dawa za kienyeji. Chanjo ya surua na matone ya vitamini A vimepunguza sana balaa hilo, na hayo ni mafanikio ambayo hayasifiwi vya kutosha. Lakini watoto wa wakati ule walionusurika sasa ni watu wazima, na baadhi yao huenda wakawa na konea zisizohisi ambazo hakuna aliyewahi kuzipima.

Cha pili ni mkanda wa jeshi unapotokea usoni. Virusi vya tetekuwanga huamka katika tawi la kwanza la neva ya tano na kutoa malengelenge upande mmoja wa paji la uso. Yakifika ncha ya pua, daktari Mwingereza Jonathan Hutchinson alikwisha kuonya katika karne ya 19 kuwa jicho nalo huelekea kuguswa, kwa sababu ncha ya pua na jicho vina uzi mmoja wa neva. Mwaka 1987 madaktari waliofanya kazi Kigali walieleza jinsi ugonjwa huo, uliokuwa wa wazee, ulivyogeuka kuwa dalili ya VVU kwa vijana wa Afrika. Visiwani Zanzibar maambukizi ya VVU yako chini ya asilimia 1, kwa hiyo uzito wa sababu hii si sawa na wa bara. Hata hivyo malengelenge hukauka kwa wiki chache na mgonjwa huonekana amepona, ilhali ganzi ya konea huweza kuwa ndiyo kwanza inaanza, na kidonda huweza kutokea miezi kadhaa baadaye, wakati ambapo hakuna tena anayekumbuka mkanda.

Ukoma unastahili maelezo yake. Bakteria wa ukoma hupenda sehemu baridi za mwili na hupenda neva, na konea ni baridi na imejaa neva. Ugonjwa huo hupiga mara mbili: huua hisia kwa kuharibu nyuzi za neva ya tano, na hulegeza kope kwa kuharibu neva ya saba, ile inayofumbisha jicho, hivyo konea hubaki wazi usiku na mchana bila kujua kuwa iko wazi. Tanzania ilifikia mwaka 2006 kiwango cha kitaifa cha kuhesabiwa kuwa ukoma si tena tatizo la afya ya jamii, yaani chini ya mgonjwa 1 katika watu 10,000, lakini wagonjwa wapya wangali wakipatikana kila mwaka, Zanzibar ikiwemo, na visiwa jirani vya Komoro, ambavyo vina uhusiano mkubwa wa kindugu na Unguja, ni miongoni mwa mahali duniani ambako ukoma hupatikana kwa wingi ukilinganisha na idadi ya watu. Dawa huua bakteria; hazifufui neva iliyokwisha kufa. Aliyemaliza dawa miaka 20 iliyopita na kufutwa katika daftari la wagonjwa bado ana jicho lisilohisi, na anahitaji kuangaliwa maisha yake yote.

Kisukari hufanya kazi taratibu zaidi. Sukari nyingi hudhoofisha neva nyembamba kabla ya zile nene, na nyembamba kuliko zote zinazoweza kuonekana kwa mwanadamu aliye hai ni hizi za konea, ambazo darubini maalumu huzipiga picha bila kukata chochote. Rayaz Malik, ambaye sasa anafanya kazi Doha nchini Qatar, ametumia miaka mingi kuonyesha kuwa upungufu wa nyuzi hizo huweza kuonekana mapema, hata pale ambapo miguu haijaanza kufa ganzi. Katika nchi za Ghuba, wanakoishi Waswahili wengi wenye ndugu Unguja, kisukari kimeenea mno, na Zanzibar yenyewe inaelekea huko. Kliniki ya kisukari humpima mgonjwa nyayo kwa uzi mgumu ili kujua kama anahisi, na humpima nyuma ya jicho ili kuona mishipa ya damu. Sehemu ya mbele ya jicho hupitwa, ingawa hapo pia kuna neva zinazokufa, tena bila ya kulalamika.

Chokaa ni ya papo kwa papo. Chokaa mbichi ikiingia jichoni hukutana na machozi, huchemka, na ukali wake huyeyusha mafuta ya seli na kuendelea kuzama ndani hata baada ya aliyeumia kunawa uso. Huua neva pamoja na seli shina za ukingoni. Jicho jeupe kama kaure lisilouma saa chache baada ya chokaa limeumia vibaya kuliko jekundu linalouma sana, na mtu asiyejua hilo humpa pole mwenye jicho jekundu. Dawa ya kwanza ni maji safi mengi, hapohapo, kwa muda wa nusu saa au zaidi, kope zikiwa zimepinduliwa ili vipande vilivyojificha vitoke. Hakuna tiba ya hospitali inayoweza kufidia dakika zilizopotea kabla ya maji.

Sababu ya mwisho huuzwa dukani. Matone ya ganzi, ambayo daktari huyatumia mara moja wakati wa kupima, huua seli za juu za konea na neva zake yakitumiwa kwa siku kadhaa, na mafundi wa kuchomelea vyuma wanaoyapata kwa njia za mkato hufurahia usingizi wa usiku mmoja na kulipa kwa jicho. Matone yenye steroidi huondoa wekundu haraka, na kwa sababu hiyo hupendwa, lakini huichochea hepesi na kuchelewesha kidonda kupona. Hata dawa halali za presha ya jicho, zinazotumiwa kwa miaka, nyingi huwa na kihifadhi kiitwacho benzalkoni ambacho huzidhoofisha neva za juu; hilo si sababu ya mgonjwa kuziacha, maana presha huua neva kubwa ya jicho isiyoota tena, lakini ni sababu ya konea yake kuchunguzwa kila anaporudi kliniki. Kuhusu dawa za kienyeji, David Yorston na Foster walikuta mwaka 1994 kuwa karibu robo ya wagonjwa wa vidonda vya konea waliowachunguza Tanzania walikuwa wamezitumia. Wanaolaumu zoea hilo mara nyingi husahau kuwa linatokana na umbali, na kuwa anayetia maji ya majani jichoni angalau amesukumwa na maumivu kutafuta tiba.

Jinsi wakati unavyoamua hatima ya konea kulionyeshwa wazi huko Bhaktapur, Nepal, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001. Wahudumu wa vijijini waliwapeleka walioumia macho kwenye vituo vya macho vya karibu, na wenye mkwaruzo wa konea walipewa marhamu ya kloramfeniko ya asilimia 1 mara tatu kwa siku kwa siku tatu. Katika mikwaruzo 442 iliyotibiwa, asilimia 96 ilipona bila kuambukizwa. Waliokuja ndani ya saa 18 hakuna hata mmoja aliyepata kidonda, ilhali kati ya waliokuja baina ya saa 24 na 48 zaidi ya robo walipata. Matokeo hayo husifiwa, kwa haki, kwa kuonyesha uwezo wa marhamu rahisi inayotolewa mapema. Lakini kuna sharti ndani yake ambalo halitajwi: aliyefika ndani ya saa 18 aliletwa na uchungu. Mpiga makumbi aliyeingiwa na uzi wa usumba huku konea yake ikiwa na ganzi hatafika kwa saa 18 wala kwa siku 18. Atafika mtu mwingine atakapomwambia kuwa jicho lake lina doa jeupe. Mpango wowote wa kinga unaosubiri watu walalamike umeshawaacha nje wale walio katika hatari kubwa kuliko wote.

Kipimo cha kuwatambua ni cha bei ya pamba. Mhudumu husokota ncha ya pamba safi iwe uzi mwembamba, humwambia mgonjwa atazame mbele, huisogeza kutoka pembeni ili asiione, na kugusa konea bila kugusa kope wala nyusi. Jicho zima hupepesa mara moja, lenye ganzi hutulia au huchelewa, na macho mawili hulinganishwa. Sharti lake ni moja, nalo huvunjwa mara nyingi: kipimo kifanywe kabla ya tone lolote la ganzi au la rangi kutiwa. Ikishatiwa ganzi, ushahidi wote umefutwa kwa siku ile. Baada ya hapo hutiwa rangi ya fluoreseini, inayong'aa kijani chini ya mwanga wa buluu mahali popote seli za juu zilipobanduka. Hakuna katika hayo kitu kinachohitaji daktari bingwa, na ni jambo la kusikitisha kuwa kipimo hiki, kilichomo katika kila kitabu cha tiba ya macho, hufanywa kwa nadra katika vyumba vyenye foleni ndefu.

Tiba yenyewe, kwa sehemu kubwa, iko ndani ya uwezo wa hospitali za hapa. Huanza kwa kuondoa kila tone lisilo la lazima, kwa sababu jicho lisilohisi halimwambii mwenyewe kuwa dawa inalichoma. Hufuatia machozi ya kutengenezwa yasiyo na kihifadhi, na marhamu ya kuzuia bakteria kidonda kikiwa wazi. Zipo hospitali duniani zinazotengeneza matone kutokana na majimaji ya damu ya mgonjwa mwenyewe, yenye vikuza seli vinavyofanana na vya machozi, na zinazotumia utando wa mfuko wa maji unaomzunguka mtoto tumboni kufunika kidonda. Lakini tiba iliyookoa macho mengi kuliko zote ni kushona kope, yaani kuunganisha sehemu ya kope ya juu na ya chini kwa nyuzi chache ili konea ipate kivuli na unyevu. Ni upasuaji mdogo unaofanywa kwa ganzi ya sehemu, na unaweza kufunguliwa baadaye. Wagonjwa huukataa kwa sababu ya sura, na kukataa huko kunaeleweka, hasa kwa mwanamke kijana. Mara nyingi hubadilika wanapoelezwa kuwa kope iliyoshonwa theluthi moja huacha jicho likiona, na kuwa konea iliyotoboka haiachi kitu.

Zipo pia tiba mpya zinazolenga neva yenyewe. Mwaka 1998 Waitaliano Alessandro Lambiase, Stefano Bonini na wenzao walitibu macho 14 ya wagonjwa 12 kwa matone ya protini ya kukuza neva, na yote yaliziba vidonda kwa muda wa siku 10 hadi wiki 6. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana dawa ya senejemini, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2017 na Marekani mwaka 2018, ambayo hutiwa mara sita kwa siku kwa wiki 8 na kuziba vidonda vya takriban asilimia 70 ya wagonjwa. Ni ushindi wa kisayansi usio na shaka. Lakini duru moja ya dawa hiyo nchini Marekani hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na ni lazima ihifadhiwe katika baridi. Kuitaja mbele ya mgonjwa wa Uroa kama tumaini lake kungekuwa kumhadaa. Upasuaji wa kuhamisha neva, ulioelezwa na Julia Terzis na wenzake mwaka 2009, unaweza kuwa karibu zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu haununui dawa bali unahitaji mikono: neva hai ya paji la uso huelekezwa kwenye jicho lenye ganzi, moja kwa moja au kwa kuungwa na kipande cha neva ya mguu, na baada ya miezi kadhaa hisia huanza kurudi. Nchi yenye wapasuaji wa macho na wa viungo vya uso, kama walivyo katika hospitali kubwa za Dar es Salaam, Moshi na Nairobi, haina sababu ya kuuona upasuaji huo kuwa wa nchi tajiri pekee.

Kinachobaki ni mpangilio wa huduma, na hapo kijiji kina mengi ya kuifunza hospitali. Kituo cha afya cha pwani kinaweza kuwa na daftari la watu ambao konea zao zinastahili kupimwa hata kama hawalalamiki: waliowahi kuugua ukoma, waliopata mkanda wa jeshi usoni, wenye kisukari, walioumizwa na chokaa, wenye chamba cha utotoni na wanaotumia matone ya presha. Tarehe za kuwaita zinapaswa kufuata bahari, si kalenda ya ofisi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, na katika siku hizo mwanamke wa mwani hawezi kwenda mjini, kwa kuwa ndizo siku pekee ambazo shamba lake linafikika. Akipangiwa kliniki siku hiyo hatakwenda, na faili litaandikwa kuwa hakuhudhuria. Wakati wa maji mafu yuko nyumbani, anaweza kupanda gari asubuhi na kurudi jioni, na mgonjwa mwenye kidonda cha konea akipangiwa siku hizo, wiki baada ya wiki, ataonekana kabla kidonda hakijachimba.